Sura ya Tano: Uliona, ama Uliambiwa?

Mwezi wa Aprili mwaka 1858 walifika Uvira, wakiwa ndani ya mitumbwi iliyong'oa nanga Ujiji, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, ambao walikuwa wametoka Unguja mwaka uliotangulia kutafuta chemchemi ya mto Nili. Na jambo moja tu ndilo lililowavuta mpaka ncha hii ya kaskazini ya ziwa letu, nalo ni kutaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka ziwani. Lau unatoka, Tanganyika lingeweza kuitwa mama wa Nili. Lau unaingia, taabu yao yote ilikuwa imepata jawabu lisilotakiwa. Hapo awali Speke alikuwa amemsikia mfanyabiashara mmoja Mwarabu, upande wa magharibi wa ziwa, akisema kwamba mto unatoka. Walipofika Uvira wana wa sultani wa mahali hapo waliwaambia kinyume chake, kwamba unaingia. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele kwa kuwahofia watu wa huko, Burton alikuwa hawezi kula wala kusema sawasawa kwa vidonda vya ulimi, na mwisho wake mitumbwi ikageuzwa, wakarudi walikotoka bila ya kuutia machoni mdomo wa mto wenyewe. Kwa miaka kumi na mitatu baada ya hapo mabwana wenye elimu walioketi London walijadiliana juu ya mto ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona, kila mmoja na ramani yake na hoja yake, hata Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi, wakaenda mpaka mdomoni, wakayatazama maji. Yalikuwa yanaingia.

Kisa hiki nakipenda kuliko visa vyote vya wasafiri, na kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wa sekondari katika juma la kwanza la masomo. Mwaka mmoja, kabla sijamaliza, msichana wa benchi la nyuma aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, si wangemwuliza mama anayefua nguo pale Ruzizi?» Darasa zima lilicheka, nami nilicheka, lakini usiku nilipolala niliona kwamba ameukata mzizi wa jambo kwa pigo moja. Aliyekuwa na yakini alikuwapo wakati wote. Kila siku sabuni yake ilichukuliwa na maji kuelekea ziwani. Ila hakuna aliyemhesabu kuwa shahidi. Tena wana wa sultani walisema kweli, na maneno yao yakawekwa katika mizani moja na ya mfanyabiashara aliyekuwa mbali na mto, kana kwamba ulimi ni ulimi tu, popote unapokaa.

Ndiyo maana swali ninalowafundisha vijana, kabla ya jingine lolote, ni hili ambalo bibi zetu walilijua: uliona, ama uliambiwa? Na kama uliambiwa, aliyekuambia anakaa wapi, naye aliambiwa na nani? Wanazuoni wa Kiislamu, ambao athari yao ilifika ziwani hapa pamoja na misafara ya Ujiji, waliifanya hoja hiyo kuwa fani kamili. Hawakupokea hadithi mpaka imetajwa silsila ya wapokezi wake mmoja baada ya mmoja, na kila mpokezi akachunguzwa sifa yake, kumbukumbu yake, na kama kweli aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia. Watu wa zama zetu wanaitafuta elimu hiyo katika vitabu vipya, na vitabu hivyo ni vizuri; lakini mzee wa msikitini na mama wa Ruzizi wasingeshangaa hata kidogo kusoma yaliyomo.

Methali yetu husema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa idhini ya wazee naikataa, angalau ndani ya darasa. Mwenye macho anahitaji sana kuambiwa tazama, maana jicho lina uvivu wake: huona upesi lile lililokwisha kuambiwa kwamba litaliona.

Mfano wangu ni wa Mei 2024, wakati ziwa lilipokuwa limepanda hata likaingia katika nyumba za watu wa pwani ya Uvira, na Gatumba, ng'ambo ya mpaka upande wa Burundi, ikawa sehemu kubwa maji matupu. Siku hizo simu zilijaa picha. Moja ilionyesha barabara pana iliyofunikwa na mafuriko, magari yamezama hata kwenye taa, watu wamebeba mizigo vichwani, na chini yake maneno kwamba hiyo ni Uvira asubuhi ya leo, kwamba waliokufa hawana idadi, na kwamba wakubwa wanaficha. Niliipeleka darasani katika simu yangu, kwa kuwa chombo kingine sikuwa nacho, na umeme siku hiyo ulikuwa umekatika. Wanafunzi walikuwa sitini na watatu. Nilishika daftari nikalifunika lile andishi la chini, nikapita benchi kwa benchi, nikiwa nimeweka sheria moja tu: hakuna ruhusa ya kutamka neno «kweli» wala neno «uongo» mpaka ubao uwe umeandikwa vitu kumi vilivyoonekana kwa macho.

Viwili vitatu vya kwanza vilikuwa vya ovyo: maji, gari, watu. Halafu wakaanza kutazama. Kijana mmoja akasema magari yanapita upande wa kushoto. Mwingine akadakia kwamba usukani uko kulia, kwa hiyo si kwetu. Ndipo watatu wanne wakampinga kwa kelele, maana nusu ya magari ya Uvira yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam na usukani wake uko kulia vilevile, na baba wa mmoja wao ni dereva wa gari kama hilo. Hoja ya usukani ikafutwa. Hoja ya upande wa barabara ikabaki, kwani Kongo na Burundi gari hupita kulia, lakini Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Kisha msichana mmoja, mpole, asiyesema mara nyingi, akanionyesha kwa kidole pembeni kabisa mwa picha, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimepaangalia ingawa nilikuwa na picha ile siku mbili: watoto wawili wenye mikoba ya shule wamepanda juu ya ukuta. «Mwalimu, hawa wanafunzi mbona hawakuvaa bluu na nyeupe?» Sare ya shule katika nchi yetu nzima ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu. Wale wawili walivaa sweta za kijani.

Hapo niliondoa daftari, wakasoma andishi la chini, na furaha waliyokuwa nayo ilikuwa furaha ya wawindaji. Nami nilijiona mwalimu hodari. Lakini hodari hakudumu dakika tano, maana kijana mmoja alisimama akatoa hukumu ambayo wengi waliipigia makofi: «Basi, Mwalimu, habari ya mafuriko ni uzushi.» Kijana huyo alikuwa amekuja shuleni asubuhi ile akiwa amekunja suruali hata magotini na viatu mkononi, kwa sababu njia ya kwao ilikuwa ndani ya ziwa.

Nitarejea kwake, kwa kuwa kosa lake ndilo kiini cha sura hii. Kwanza niseme juu ya yule msichana wa sweta za kijani.

Alinikumbusha kuku. Katika kitabu chake kiitwacho The Gutenberg Galaxy, kilichotoka mwaka 1962, Marshall McLuhan wa Kanada alieneza kisa alichokipata kwa Mwingereza John Wilson, cha mkaguzi wa afya aliyetengeneza filamu ya polepole kuwafundisha wanakijiji wa Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu yanayozaa mbu. Filamu ilipokwisha waliulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ndani yake mna kuku. Wakairudia picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku aliyetishwa alipita katika pembe ya chini akatoweka. Wakubwa wa wakati ule walikipokea kisa hicho kuwa ni ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema, na kwamba yapasa atengenezewe filamu nyepesi za kwake mbali; dhana hiyo ilikuwapo zamani kabla ya kitabu hicho, kwani kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kazi maalumu ya namna hiyo huko Vugiri katika milima ya Usambara, na Wabelgiji kwetu waliweka udhibiti wa kuamua filamu gani mtu mweusi aruhusiwe kuiona. Mimi nakisoma kisa hicho kinyume. Katika chumba kile walikuwamo watu wa namna mbili: wale waliojua mapema nini kinapaswa kuonekana, nao hawakumwona kuku, na wale waliotazama picha nzima, nao walimwona. Nikiombwa kuchagua mashahidi wa mahakamani nitachagua wa pili.

Kwa hiyo jicho tunalo. Watoto waliokulia mitaa yetu ya Mulongwe na Kalundu hulijua wingu la mvua ya kweli na wingu la kupita, hujua ndakala, yaani dagaa wa ziwa letu, waliokauka juu ya mchanga na waliokauka juu ya wavu kwa kuwagusa tu, hujua samaki mukeke wa jana aliyemwagiwa maji aonekane wa leo. Kazi ya mwalimu ni kulihamisha jicho hilo kutoka sokoni mpaka kwenye simu. Mwezi wa Januari 1982 walimu na wataalamu kutoka nchi kumi na tisa walikutana chini ya UNESCO mjini Grünwald, Ujerumani, wakatangaza kwamba elimu ya vyombo vya habari iingie shuleni tangu utotoni mpaka ukubwani. Na mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala wa kuwafundishia walimu. Nimeyasoma yote mawili kwa faida kubwa. Ila mwalimu wa Uvira asikae akingoja kompyuta ndipo aanze, maana atastaafu akingoja.

Na kwetu jambo hili lina deni la damu, ambalo halijalipwa kwa kusahauliwa. Julai 1993, Kigali, ilianza kusikika redio ya RTLM. Haikuanza kwa matusi, ilianza kwa muziki mzuri, mizaha, na watangazaji wenye sauti za kirafiki waliozungumza kama watu wa barazani, hata ikapendwa, na ilipokwisha kupendwa ikasema yale iliyoyasema, mpaka katika siku za mauaji ya 1994 ikawa inataja watu na mahali walipojificha. Mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa profesa wa historia. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha Desemba 2003, na rufani ya 2007 ikakifanya miaka 30. Jambo la uprofesa huwa nalisema kwa sauti ya taratibu darasani, kwani wazazi wetu huamini kwamba elimu yenyewe ni kinga. Naam, elimu ilikuwapo, ilikaa upande wa pili wa kipaza sauti.

Wala tusidhani ni jambo la jirani tu. Mwaka huohuo wa 1994, kutoka upande wetu huu wa Uvira, ilirushwa kwenda Burundi redio ya waasi iliyojiita Rutomorangingo, nayo ilichochea chuki ya kabila kwa lugha iliyofahamika sokoni kwetu. Kufikia 1996 wakimbizi zaidi ya laki mbili, wa Burundi na Rwanda, walikuwa wametapakaa katika kambi za Uvira na bonde la Ruzizi, na kila hema lilikuwa na redio yake au jirani mwenye redio. Kwa insafu yafaa kutaja pia kwamba Agosti 1994 ilianza Bukavu Radio Agatashya, jina la mbayuwayu kwa Kinyarwanda, iliyowapa wakimbizi habari kavu zisizo na sumu: maji yako wapi, chanjo ni lini, nani anamtafuta mtoto wake. Waswisi walioianzisha ndio walioasisi Fondation Hirondelle, ambayo pamoja na Umoja wa Mataifa iliwasha Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002. Mawimbi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni adabu.

Wazee wa siku zile walikuwa na methali iliyowauma wengi: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Sijui methali iliyomfaa mchochezi kuliko hiyo. Ukimwambia mtu kwamba jirani yake ananoa panga, naye akaamini kwamba lisemwalo lipo, atanoa lake. Na jirani akisikia sauti ya kunoa, atafuata. Kesho yake lisemwalo lipo kweli, na mchochezi anaonekana nabii.

Basi zoezi langu la pili halina picha, ni la masikio, na gharama yake ni betri. Uvira ina bahati ya kukaa mahali ambapo usiku mmoja mtu hushika redio za mjini, redio ya taifa, Radio Okapi, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na redio za Bujumbura zinazovuka maji bila pasipoti. Nawagawa wanafunzi mafungu. Kila fungu hupewa idhaa moja na tukio moja, na kesho yake huleta vitenzi tu. Vitenzi peke yake. Je, askari «wamejiondoa», «wamefukuzwa», au «wamekimbia»? Kijiji «kimekombolewa», «kimetekwa», au «kimeangukia mikononi mwa»? Wale vijana wenye silaha wa milimani ni Wazalendo, ni wanamgambo, ni wahalifu, ama ni watoto wetu? Nakumbuka siku ambayo tukio moja, la kijiji kimoja katika bonde, lilipata vitenzi vinne juu ya ubao, na kijana mmoja akasema kwa unyonge kwamba yeye ni wa kijiji hicho na kitenzi cha kweli hakimo: watu walihama. Hakuna idhaa hata moja iliyoanza na watu. Zote zilianza na wenye bunduki.

Baada ya vitenzi huja swali la nani aliyepewa nafasi ya kusema na nani aliyesemwa tu. Hapo ndipo mama wa Ruzizi huingia tena. Kwa kawaida gavana husema, msemaji wa jeshi husema, msemaji wa waasi husema kwa simu, na mwananchi hulia. Kilio chake huwekwa mwanzoni kama muziki. Sisemi kwamba watangazaji wa kwetu ni wabaya, kwani baadhi yao wamelipa kwa maisha yao kazi ya kusema kweli katika jimbo hili, na mshahara wao unajulikana. Nasema kwamba mwanafunzi akiisha kulisikia pengo hilo, halisahau.

Sasa nirudi kwa kijana wa suruali iliyokunjwa. Alikuwa amejifunza nusu ya somo, na nusu ya somo hili ni hatari kuliko ujinga wake kamili. Picha ilikuwa ya uongo na jambo lilikuwa la kweli. Maji yalikuwa miguuni pake mwenyewe. Lakini kwa kuwa shahidi mmoja amekamatwa akidanganya, aliifuta kesi yote, na magoti yake hayakupewa nafasi ya kutoa ushahidi. Nimewaona watu wazima wengi wa namna hiyo tangu vita vya 1996. Wamedanganywa mara nyingi hata wameapa kutoamini lolote, nao hujisifu kwa hilo. Ukiwaambia kipindupindu kimeingia mtaani, hutabasamu. Ukiwaambia maji yatiwe dawa, huuliza nani anakula fedha hapo. Lakini mtu asiyeamini kitu hana ngome. Siku atakapochoka, atamwamini yule aliyempendeza, na huyo kwa kawaida ni yule anayechukia anaowachukia yeye. Mchochezi hana haja ya kutufanya tuamini uongo wake. Humtosha tusimwamini yeyote.

Kwa sababu hiyo sikuridhika na zoezi la kukamata uongo peke yake, nikaongeza jingine lililo gumu zaidi, la kutoa imani kwa haki. Mwanafunzi hutakiwa kuleta habari moja anayoiamini, na kueleza kwa nini: ni nani aliyeiona, alikuwa umbali gani, ana faida gani ikiaminiwa, ana hasara gani ikijulikana kuwa si kweli, na nani mwingine asiyejuana naye ameisema vilevile. Wengi huona taabu. Kukataa ni kwepesi na kunampa mtu sura ya mwerevu. Kukubali kwa hoja kunataka kazi. Mwaka ule kijana wa suruali ndiye aliyeleta habari bora: kwamba ziwa limepanda. Mashahidi wake walikuwa jiwe la kutia alama alilolipanda baba yake mlangoni, mvuvi wa Kalundu ambaye mtumbwi wake ulikuwa sasa umefungwa kwenye mwembe, na binamu yake wa Gatumba.

Nami siandiki haya nikiwa juu ya mlima. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi na watu kwa maelfu wakateremka kuja Uvira, wengine wakiendelea mpaka Burundi, nililetewa usiku mmoja odio, kama tuitavyo hapa sauti za WhatsApp, ya mwanamume anayehema, anayesema kwamba mpaka wa Kavimvira umefungwa na kwamba anayekwenda atarudishwa kwa fimbo. Sauti ilikuwa na hofu ya kweli. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Mtu aliyefundisha miaka kadhaa swali la «uliona, ama uliambiwa?» hakujiuliza chochote, niliituma kwa jamaa zangu wanne kabla sijavaa viatu. Shemeji yangu, aliyekuwa njiani na watoto watatu, aliisikia, akauacha mpaka, akakaa nje siku mbili akingoja. Mpaka ulikuwa wazi. Alipofika Bujumbura alinipigia, hakunilaumu, alisema tu: «Shemeji, wewe ndiwe Mwalimu.» Kisa hicho nacho nawasimulia wanafunzi, baada ya kile cha Burton na Speke, na hapo ndipo huwa kimya kuliko siku zote. Kilichonishinda hakikuwa ujinga. Ilikuwa haraka ya upendo, ambayo huipita akili kama maji ya mto Mulongwe yalivyoipita mitaa usiku ule wa Aprili 2020, kabla mtu hajawasha taa.

Inabaki picha moja ambayo siipeleki darasani, naieleza kwa maneno tu. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange, mji mdogo wa bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Mafuta yalitiririka katika vichochoro. Baadhi ya watu walikwenda kuyachota kwa madumu. Wengine wengi hawakujua lolote, kwa kuwa walikuwa wamejazana katika vibanda vya vidio wakitazama Kombe la Dunia, siku ya robo fainali. Moto ulipowaka uliwakuta hapo. Waliokufa walizidi 230. Waliungua kiasi kwamba ndugu hakuweza kumtambua ndugu, wakazikwa pamoja, na kabla ya kuzikwa kuna mtu aliyepiga picha ya miili ile iliyolazwa.

Miaka iliyofuata picha hiyo ilisafiri duniani. Haikusafiri kwa jina la Sange. Ilienezwa mitandaoni, katika nchi ambazo hazijui Ruzizi iko wapi, ikiwa na maneno kwamba hao ni Wakristo wa Nigeria waliochomwa hai na Waislamu, na watu waliitazama, wakalia, wakaapa, wakaituma kwa jamaa zao kwa haraka ileile ya upendo niliyoitaja. Wachunguzi wa habari wa nchi mbalimbali waliifuatilia hata wakaitambua asili yake na kuisema wazi, na bado ilirudi tena na tena. Wala haikughushiwa. Hakuna aliyebadilisha hata nukta moja ndani yake. Andishi la chini tu.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano walikuwa wachanga mwaka 2010, na kila mwaka hakosi kuwamo katika darasa mmoja mwenye mtu wake katika kaburi lile. Huwauliza ni nani aliyenyang'anywa zaidi: yule wa mbali aliyedanganywa, ama marehemu aliyeondolewa jina lake, mji wake, na mchezo wa mpira aliokuwa akiutazama, akapewa kifo cha mtu mwingine ili kisaidie ugomvi asioujua. Hawajibu upesi, nami siwahimizi.

Mwalimu mwenzangu unayesoma sura hii, ikiwa shule yako iko katika bonde, nauli ya kufika Sange si kubwa. Wapeleke. Waambie watafute kwanza mtu aliyekuwapo usiku ule, wamwamkie, wamwulize aliona nini, na waandike kwa maneno yake.